Klachi ipi nifunge kwenye Impreza ya turbo ninayoiendesha kila siku Dodoma?

Swali: Shikamoo fundi. Nina Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003 iliyotoka Japani, manyuali ya gia tano. Aliyeniuzia alikuwa ameshabadilisha egzosi na kupandisha kidogo presha ya turbo. Kila siku natoka Nkuhungu kwenda kazini Mtumba, mke wangu huiendesha siku za mapumziko, na mara mbili kwa mwezi naenda Singida. Safari ya mwisho, nilipoanza kupandisha baada ya Kintinku kuelekea Manyoni, injini ilipiga kelele, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ukapanda, lakini gari halikuongeza mwendo. Fundi anasema klachi imekwisha. Nimepewa chaguo tatu: ya kawaida kama ya kiwandani, ya keramiki ya vipande sita ambayo muuzaji anasema ndiyo ya magari ya turbo, na iliyotumika kutoka Japani kwa bei ndogo. Nichukue ipi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na jibu lenyewe, usije ukaingia dukani leo na kutoka na kitu utakachojutia. Funga pleti ya organiki (lainingi ya kawaida isiyo ya keramiki) ya duara zima, yenye springi katikati, pamoja na presha pleti, yaani ile inayoikandamiza pleti, iliyoongezwa nguvu kidogo kuliko ya kiwandani. Keramiki iache hukohuko dukani. Iliyotumika usiiguse.

Sasa sababu, na nitakueleza kwa kirefu, kwa kuwa kubadilisha klachi kwenye gari lako ni kazi ya kushusha giaboksi, na gharama ya kuishusha ni ileile uwe umefunga kitu kizuri au kibaya.

Kwanza tuhakikishe ni klachi kweli. Tafuta kipande kilichonyooka na kisicho na watu, mfano ukishaipita Nala. Weka gia ya nne, mwendo wa kilomita 55 hivi kwa saa, ambapo RPM itakuwa karibu 2,000, kisha kanyaga mafuta hadi mwisho. Klachi nzima itaacha RPM na mwendo vipande pamoja, taratibu. Klachi iliyochoka itashika mpaka turbo ianze kusukuma, halafu mshale utaruka peke yake na gari litabaki palepale. Usirudie jaribio hilo mara nyingi. Kila mara inapoteleza unaichoma, na harufu yake utaijua: kama kitambaa kinachoungua.

Halafu kagua pedali. Ikanyage kwa mkono, siyo kwa mguu. Lazima kuwe na nafasi ndogo ya juu ambapo pedali inashuka bila kusukuma chochote. Nafasi hiyo isipokuwepo, rilizi beringi (ile inayoiachisha klachi unapokanyaga) inaivuta presha pleti muda wote, na klachi haikandamizwi sawasawa hata kama ni mpya ya jana. Nimeshaona klachi nzima zikitupwa kwa sababu ya fimbo ya pedali iliyorekebishwa vibaya. Marekebisho yake ni ya dakika kumi, kwa spana mbili.

Tukishajiridhisha kwamba imekwisha, swali linalofuata ni imekufa kwa ugonjwa gani. Hapa mafundi wengi tunakimbia, na ndiyo maana klachi ya pili hufa mapema kuliko ya kwanza. Inaweza kuwa imelika kwa umri. Inaweza kuwa imeungua kwa joto. Inaweza kuwa imelowa oili. Kwenye injini za Subaru za EJ, kama yako, kuna sili kubwa nyuma ya krenkshafti, na karibu yake kuna kifuniko kinachozuia oili kutoka kwenye bloku. Nyingi za zamani zilitoka na kifuniko cha plastiki, ambacho kwa miaka hujikunja na kuanza kuvuja polepole. Huoni tone chini ya gari. Unachokiona, siku giaboksi inaposhuka, ni unyevu mweusi chini ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo pleti inalikamata), vumbi la lainingi limegandamana na oili kama lami. Ukikuta hivyo, badilisha sili na ufunge kifuniko cha chuma kabla ya kitu kingine chochote.

Nikuoneshe kwa hesabu kwa nini oili na joto ni adui wakubwa hivyo. Uwezo wa klachi kubeba torki, yaani nguvu ya kuzungusha, unatokana na vitu vinne: idadi ya nyuso zinazosuguana, ambazo kwa pleti moja ni mbili, ukali wa msuguano wa lainingi, nguvu ya presha pleti kukandamiza, na umbali wa lainingi kutoka katikati. Klachi ya gari lako ina kipenyo cha milimita 230. Tuchukue mfano ambao lainingi inaanzia milimita 75 kutoka katikati na kuishia 115. Wastani ni 95, yaani mita 0.095. Lainingi ya organiki tuipe msuguano wa 0.3, na presha pleti tuipe nguvu ya nyutoni 7,500, ambayo ni kama kuikalia kwa uzito wa kilo 765. Zidisha 2 kwa 0.3 kwa 7,500 kwa 0.095, unapata Nm (nyutoni-mita) 427.

Injini yako ilipotoka kiwandani ilikuwa na torki ya juu kabisa ya kilo-mita 34, ambayo ni kama Nm 333. Kwa hiyo klachi ya mfano wetu ina akiba nzuri. Lakini lainingi ikilowa oili au ikipata joto kupita kiasi, msuguano ukashuka kutoka 0.3 hadi 0.2, uwezo unaporomoka hadi Nm 285. Injini inaishinda, na inaishinda mlimani, gia ya nne, turbo ikiwa imejaa. Ndicho kilichokupata baada ya Kintinku. Pale barabara inapanda ukingo wa Bonde la Ufa, na wewe pengine ulikuwa unalipita lori.

Sasa ongeza yale mabadiliko ya aliyekuuzia. Egzosi iliyofunguliwa na presha ya turbo iliyopandishwa kidogo hukupeleka kwenye torki ya Nm 380 hadi 400. Tuseme 390. Klachi ya kawaida ya mfano wetu, yenye 427, bado inabeba, ila akiba imebaki kiduchu, na siku ya joto la Oktoba ukiwa umepakia familia hiyo akiba haitoshi. Presha pleti yenye nguvu zaidi kwa asilimia 15 inaipeleka 427 kwenye 490 na kitu. Hiyo ni robo zaidi ya torki uliyonayo, na ndipo ninapotaka gari la barabarani likae. Pedali itakuwa nzito kidogo, na mkeo ataizoea kwa siku mbili.

Kwa nini nisikwambie uchukue presha pleti nzito kabisa, iongeze asilimia 50 na tumalize? Kwa sababu nguvu ile haiishii kwenye mguu wako. Kila unapokanyaga pedali, mzigo unakwenda kwenye silinda za klachi, kwenye uma unaoisogeza rilizi beringi, kwenye beringi hiyo, halafu kwenye beringi ya pembeni inayoizuia krenkshafti isitembee mbele na nyuma. Ukikaa foleni asubuhi njia ya Mtumba mguu ukiwa juu ya klachi, unailisha krenkshafti mzigo ambao haikutengenezewa. Klachi ni ya kununua, krenkshafti ni injini nzima.

Tuje kwenye keramiki, maana najua ndiyo inayokuvuta. Badala ya lainingi ya duara zima, ina vipande sita vya mchanganyiko wa madini na keramiki, vimeachana kama petali za ua. Msuguano wake ni mkali zaidi na inavumilia joto ambalo organiki haiwezi. Muuzaji hakudanganya kusema inabeba torki nyingi. Ila hakukwambia inavyoishika: ama imeachia ama imeuma, katikati hapana. Organiki inakupa nafasi ya kuteleza kidogo ili gari liondoke kwa upole. Keramiki inaruka.

Miaka mingi iliyopita mteja mmoja aliniletea Forester ya turbo na boksi la keramiki mkononi. Nilimfungia alivyotaka, nikampa ufunguo. Sikumuuliza anaendesha wapi, na hilo lilikuwa kosa langu. Wiki chache baadaye alirudi. Kila akiondoka kwenye tuta gari lilikuwa linatetemeka mpaka kioo cha ndani kikahama. Kurudisha gari nyuma kwenye kilima cha nyumbani kwake ilikuwa mateso. Tuliposhusha giaboksi, flaiwili ilikuwa na mikwaruzo ya duara unayoihisi kwa ukucha, na mabaka ya bluu yaliyochomwa na joto. Vile vipande vinagusa eneo dogo, na dereva aliyejitahidi kuvitelezesha taratibu kwenye foleni alikuwa anaipikia flaiwili sehemu moja. Pleti haikuwa mbovu. Haikuwa ya gari linalosimama na kuondoka mara hamsini kwa siku.

Kuna jambo jingine linaloihusu Subaru hasa. Gari lako linaendesha magurudumu yote manne. Gari la magurudumu ya nyuma likipewa nguvu ghafla, tairi hupiga skidi na mshtuko unaishia kwenye lami. Lako tairi hazitelezi. Mshtuko unatafuta pengine pa kutokea: klachi, au meno ya giaboksi. Giaboksi ya gia tano ya WRX za miaka hiyo haisifiki kwa meno magumu. Mimi ninaiangalia klachi kama fyuzi. Nataka iteleze kidogo siku ambayo mguu umekosea, ili gia ya tatu isikatike. Keramiki, hasa ile isiyokuwa na springi katikati, inaiondoa fyuzi hiyo. Ndiyo maana nilisisitiza springi: zile springi nne au zaidi unazoziona katikati ya pleti ndizo zinazomeza mitetemo ya injini kabla haijafika kwenye gia.

Utasikia pia habari za lainingi ya Kevlar, nyuzi ngumu za kutengenezwa. Ni nzuri. Inaondoka laini kama organiki na inadumu. Lakini inahitaji uvumilivu mkubwa mwanzoni, na ikishaunguzwa mara moja uso unakuwa kama kioo na hairudi. Kwa gari linaloendeshwa na watu wawili ningebaki na organiki, ambayo inasamehe.

Iliyotumika haihitaji maneno mengi. Lainingi unaweza kuipima kwa macho, lakini springi ya presha pleti iliyopata joto huwezi kuiona imelegea. Umbo lipo, nguvu hakuna. Zaidi ya hapo, pleti ile imeshajichonga kufuata flaiwili ya gari jingine.

Na ile ya kawaida? Ningekuwa na neno moja la kukuuliza: je, unahitaji ile presha ya turbo iliyoongezwa? Ukirudisha turbo kwenye kiwango cha kiwandani, klachi ya kawaida mpya na halisi inakutosha kabisa, pedali inabaki nyepesi, na unaokoa pesa. Hiyo siyo njia ya mnyonge. Nakumbusha tu kwamba huku Dodoma tuko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo inapoteza kama sehemu ya kumi ya nguvu zake kwa sababu ya hewa nyepesi. Ya kwako turbo inaifidia kwa sehemu kubwa, kwa hiyo usitegemee mwinuko ukupunguzie mzigo wa klachi.

Unapokwenda kununua, iwe hapa mjini au Kariakoo kule Gerezani, beba klachi ya zamani mkononi. Usiende na jina la gari peke yake. Pleti ilingane kipenyo, na meno ya katikati uyahesabu moja moja, kisha uijaribu kwenye shafti ya giaboksi kabla ya kufunga: iteleze bila kung'ang'ania na bila kucheza. Presha pleti ya gari lako ni ya kuvuta, siyo ya kusukuma. Beringi inajinasa ndani ya vidole vya springi na kuvivuta kuelekea kwenye giaboksi. Impreza za baadaye zilihamia ya kusukuma, na maduka huchanganya. Ukifika gereji na isiyo yako, siku imepotea.

Soma pia vipimo vya boksi kwa makini. Torki inaandikwa kwa Nm, kwa kilo-mita, au kwa kipimo cha Wamarekani cha paundi na futi. Namba 400 ya Kimarekani ni Nm 542, tofauti kubwa. Na kama boksi linataja nguvu za farasi tu bila torki, halijakwambia kitu cha maana. Farasi huhesabiwa pamoja na kasi ya mzunguko. Kinachoitelezesha klachi ni torki.

Nunua seti kamili: pleti, presha pleti, rilizi beringi, na beringi ndogo inayokaa katikati ya flaiwili. Usibakize beringi ya zamani kwa kuwa haipigi kelele. Itaanza kelele wiki mbili baada ya kufunga.

Flaiwili ipelekwe kwa fundi wa leithi ikaskimiwe, yaani uso wake usawazishwe. Kuisugua kwa msasa hakutoshi kama ina mabaka ya bluu au mikwaruzo. Ikiwa na nyufa ndefu zinazofika ukingoni, usiifunge tena. Flaiwili nyepesi za mashindano ziache. Injini itapanda RPM haraka, ni kweli, lakini itazimika kila unapoondoka kwenye tuta, na gari la kwenda kazini linahitaji uzito ule.

Sasa kitu kidogo ambacho fundi wako asipokijua ataharibu. Kwa kuwa beringi imenasa kwenye presha pleti, giaboksi haitoki kwa kuvutwa tu. Pembeni ya kengele ya giaboksi, ile sehemu pana inayoungana na injini, kuna kizibo kinachofunguliwa kwa ufunguo wa Alen wa milimita 10. Ndani yake kuna pini inayoshikilia uma wa klachi. Unafunga bolti nyembamba ya milimita 6 kwenye tundu la pini hiyo, unaivuta taratibu, uma unalegea, halafu ndipo giaboksi inaachana na injini. Nimeona vijana wakiipiga giaboksi kwa nondo kwa nusu saa, pini ikiwa bado ndani, mpaka uma ukapinda. Mwonyeshe kabla hajaanza.

Wakati wa kufunga, bolti za presha pleti zikazwe kwa mtindo wa msalaba, kidogo kidogo, na mwisho ziishie karibu Nm 16. Ni torki ndogo, na spana ndefu inazikata kirahisi. Grisi kwenye meno ya shafti iwe nyembamba kama uliyoipaka kwa ncha ya kidole na kuifuta. Ikizidi itarukia lainingi, na umerudi pale pa oili. Lainingi na uso wa flaiwili usiviguse kwa mikono michafu.

Angalia na buti la mpira pale uma unapotokea nje ya giaboksi. Magari mengi ya huku halipo au limepasuka, na vumbi letu la kiangazi linaingia moja kwa moja kwenye beringi na lainingi. Ni kitu cha bei ndogo. Mafuta ya klachi, ambayo ni yaleyale ya breki, yabadilishwe yote na upepo utolewe kabisa.

Ukishatoka gereji, kilomita 800 za kwanza zina kanuni zake. Endesha mjini, simama na uondoke, simama na uondoke, bila kufungua turbo. Lainingi na flaiwili zinazoeana kwa kila kuondoka, siyo kwa kila kilomita. Ukienda Dar es Salaam na kurudi ukiwa gia ya tano umeshatembea kilomita 900, lakini klachi imefanya kazi mara chache tu. Njia yako ya Nkuhungu hadi Mtumba inafaa kabisa kwa kazi hii. Ondoka kwa gia ya kwanza daima. Kuondoka na gia ya pili kunaizalishia klachi joto la karibu mara tatu, maana joto hilo linakwenda na mraba wa mwendo ambao klachi inamaliza kushika. Mweleze na mama watoto, na umwombe asipumzishe mguu kwenye pedali.

Safari ya Singida iahirishe mpaka kilomita hizo ziishe. Na giaboksi itakaposhuka, kabla fundi hajafunga chochote, nipigie picha tatu: uso wa flaiwili, upande wa injini pale nyuma ya krenkshafti, na pleti ya zamani pande zote mbili. Nikiona lainingi upande mmoja umelika kuliko mwingine, au unyevu kwenye kile kifuniko, kuna kazi nyingine ya kufanya kwanza, na boksi jipya litasubiri.